Malezi ya Ayari

Uongo ni rahisi kusema. Mtoto asiyejua bado kufunga vifungo vya shati lake huweza kuusema, na pengine akausema vizuri. Lakini kumbuni mtu mwongo, ukampa uso, sauti, haja na historia, kisha ukamweka mbele ya watu wenye akili walio huru kumwuliza swali lolote, hiyo ni kazi nyingine. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, si kwa kalamu tu bali kwa kinywa, mbele ya wasikilizaji wasiokubali kunyamaza. Nataka, msomaji wangu, nikueleze namna inavyofanywa, na kwa nini nasadiki kuwa yafaa kujifunzwa hata na kijana apendaye ukweli.

Upo mchezo unaochezwa mezani, ambao hauna mshindi wala mshindwa. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao ni msimulizi. Waliobaki kila mmoja hujichagulia mtu wa kubuni na kuuvaa moyo wake: huyu ni baharia, yule ni mganga, mwingine ni mwindaji aliyefukuzwa kwao. Msimulizi hueleza mahali walipo na mambo wanayoyaona, kisha huuliza, "Mtafanya nini?" Wao hujibu watakalo. Jambo likiwa na shaka, dadu hutupwa, nayo huamua kama kamba imeshika au imekatika. Kisa cha namna hii hakimaliziki kwa siku moja. Huendelea wiki kwa wiki na mwezi kwa mwezi, kikakua kama mti, na hakuna mtu, hata msimulizi mwenyewe, ajuaye matawi yataelekea wapi.

Mchezo huu una nasaba yake. Mnamo 1824 ofisa mmoja wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani ili kuwafundisha maofisa. Katika mchezo huo palikuwa na mwamuzi aliyejua siri za pande zote mbili, na kazi yake ilikuwa kumwambia kila mmoja yale tu ambayo angeweza kuyaona mwenyewe vitani. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Chapa ya kwanza ilikuwa na nakala 1,000, kila moja ikiwa ndani ya kijisanduku chenye vitabu vitatu vidogo. Pale penye majeshi wakaweka mtu mmoja mmoja. Pale penye ramani ya vita wakaweka nchi ya ajabu yenye mashetani, majoka na hazina. Yule mwamuzi akabaki, ila sasa akawa msimulizi. Naomba uukumbuke urithi wake, maana nitaurudia: ajua yote, husema kwa kipimo, wala hasemi uongo.

Katika visa vya siku za kwanza za mchezo huu, adui aghalabu alikuwa kiumbe aliyekaa chumbani akingoja kupigwa. Mwaka 1983 Tracy na Laura Hickman walitoa kisa kiitwacho Ravenloft, ambacho adui wake, Strahd, ana makao yake, huzuni yake na makusudio yake. Makusudio hayo huamuliwa kwa karata kabla ya mambo kupamba moto, hata walio wahi kukicheza kisa hicho hawawezi kuwa na yakini safari hii anataka nini. Wasimulizi wengi walijifunza hapo kwamba adui mwenye haja zake mwenyewe hutisha kuliko adui mwenye meno marefu. Mwenye meno hukungoja. Mwenye haja hukujia.

Mimi huketi na vijana watano kibarazani kwangu, mjini Mombasa, Jumamosi alasiri, sinia ya mahamri ikiwa kati yetu na birika la kahawa pembeni. Wamemaliza shule ya sekondari. Mmoja asomea uuguzi, mwingine yuko karakana ya seremala, wengine wangali wakitafuta njia. Kabla ya kuanza kisa chochote huwauliza mambo wasiyopenda yaingizwe, na tumewekeana sharti kuwa yeyote akiinua mkono mchezo husimama mara moja, bila kuulizwa sababu. Miaka mitatu iliyopita tuliubuni mji wa bandari tulioupa jina la Tamasini, na mimi nikataka mji huo uwe na ayari.

Nikaanza kwa kumtafutia haja. Hapa ndipo waandishi wengi wachanga wanapojikwaa: hubuni mwovu atakaye uovu, kana kwamba uovu ni chakula na mtu huuonea njaa. Hakuna mtu wa namna hiyo. Mtu hutaka mali, heshima, usalama, mapenzi, au kusahau aibu. Uovu ni njia aliyoipita kukifikia hicho. Basi nilimwumba Mwinyi Radhi, msimamizi wa visima vya Tamasini. Katika ujana wake palitokea ukame, watu wa milimani wakakataa kuyateremsha maji yao, na binti yake wa pekee akafa kwa kiu mikononi mwake. Siku ile aliapa kwamba Tamasini haitaona kiu tena. Nia hiyo ilikuwa njema. Lakini nia njema nayo huchacha kama uji uliosahauliwa jikoni. Miaka ikapita, watu wakamsifu, watoto wakapewa jina lake, naye akaanza kuipenda sifa kuliko mji. Kisima kikuu kilipoanza kukauka hakumwambia mtu.

Ndipo wanapoingia wachezaji wangu. Mwinyi Radhi aliwakaribisha kama wageni, akawaeleza kwamba juu milimani yuko kizee mchawi aliyeuroga mji kwa mawe manne ya kijani, kila jiwe katika pango lake, na kwamba mawe hayo yakiletwa Tamasini uchawi utatanguka. Ukweli ni huu: mawe yale ndiyo yaliyozishikilia chemchemi za milimani. Kila jiwe litolewapo, kijiji kimoja hukauka na maji yake hupita chini kwa chini hadi kisima cha mjini. Yule kizee si mchawi, ni mlinzi. Wachezaji wangu, wakidhani wanaokoa, walikuwa wakiiba; na mwizi mwenyewe alikuwa ameketi barazani akiwaombea dua.

Yamkini utamkumbuka Iago katika tamthilia ya Othello, ambayo Shakespeare aliiandika na ambayo ilichezwa mbele ya mfalme wa Uingereza tarehe 1 Novemba 1604. Kisa chenyewe alikipata kwa Mwitaliano Cinthio, aliyekitoa mwaka 1565. Katika Cinthio yule mwovu, ambaye hana hata jina, anasukumwa na jambo moja: alimpenda mke wa bwana wake akakataliwa. Shakespeare aliiondoa sababu ile moja iliyo wazi akaweka sababu kadhaa zisizotosha, na mwishoni anapoulizwa kwa nini, Iago anakataa kusema. Jukwaani kimya kile kinatisha. Mezani hakifai, maana wachezaji hufanya mambo usiyoyatarajia, na kila mara huna budi kujua mara moja ayari wako atafanya nini. Usipojua anachokitaka, utakwama.

Tofauti nyingine ni kubwa zaidi. Katika tamthilia, Iago hubaki peke yake akatueleza hila zake. Sisi tulioketi kutazama twajua, na waliomo kisani hawajui. Katika mchezo wetu hapana mtazamaji wa kunong'onezwa. Wale wanaodanganywa ndio hao hao ambao kisa kinasimuliwa kwa ajili yao. Kwa hiyo hila nzuri ya jukwaani yaweza kuwa dhuluma mezani, na msimulizi yampasa ajue mpaka uko wapi.

Mpaka niliouweka mimi ni huu. Mwinyi Radhi ana ruhusa ya kusema uongo, msimulizi hana. Nisemapo, "Ukuta ni mweupe," ukuta ni mweupe. Nisemapo, "Mwinyi Radhi anasema ukuta ni mweupe," basi mwendeni mkautazame. Mchezaji akiwa na shaka naye hutupa dadu yenye pande 20 kuona kama ameutambua uso wake. Akishindwa, simwambii, "Huyu ni mkweli." Namwambia, "Huoni dalili ya uongo." Maneno hayo mawili yanafanana, lakini kati yao pana bahari. La kwanza ni ushuhuda wangu, nami ningekuwa nimeapa uongo. La pili ni habari ya macho yake, nayo ni kweli tupu. Hii ndiyo amana ya yule mwamuzi wa Prussia: sema kile kinachoonekana, wala usiongeze.

Kanuni yangu ya pili ni kwamba uongo mmoja hukaa katika nyumba iliyojengwa kwa kweli nyingi. Daftari langu la Mwinyi Radhi lina safu tatu: anayoyasema, yaliyo kweli, na nani mwingine ajuaye. Ukiisoma safu ya kwanza utastaajabu jinsi uongo ulivyo haba. Alisema mji una kiu, kweli. Alisema binti yake alikufa, kweli. Aliahidi fedha, akalipa siku ile ile. Mchezaji mmoja alipoumia, alimwuguza usiku kucha, wala hakujifanya. Alikuwa mtu wa huruma. Uongo ulikuwa mmoja tu, juu ya mawe yalifanya nini. Laghai asemaye uongo kila saa hagharimu kitu, maana atajulikana kabla ya jua kuchwa. Njia yake ni fupi. Mtu wa kuogopwa ni yule ambaye ukiyapima maneno yake mia utayaona tisini na tisa ni sahihi.

Kanuni ya tatu ni dalili. Siri isiyoweza kugunduliwa si siri, ni ukuta. Na msomaji au mchezaji agongaye ukuta hana raha, hata mwishoni ukimfungulia mlango. Kwa hiyo kila jambo nililolificha nililiwekea dalili tatu au zaidi, mahali mbalimbali, ili hata wakikosa mbili waione moja. Njiani kutoka milimani walikutana na watu wakiteremka na mitungi mitupu. Mwinyi Radhi, katika mazungumzo, alimtaja yule kizee kwa jina lake la utotoni, jina ambalo mtu wa mjini hakulijua. Na kisima kikuu kilikuwa na ngazi za mawe za kuteremkia majini, kila mtu aweza kuzihesabu.

Sisi watu wa pwani tunao mfano wa dalili iliyosomwa na dalili isiyosomwa katika kisa kimoja. Ni kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijuma wa Lamu alikiandika katika utenzi mwaka 1913. Maadui walikula naye kikoa cha makoma, kila mtu akipanda mkoma kwa zamu yake, ili Liyongo atakapopanda wampige mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe. Alikuwa ameisoma hila katika kikao cha urafiki. Lakini mtu huyo huyo, mwanawe alipomwuliza ni kitu gani kiwezacho kumwua, alimjibu: sindano ya shaba, kitovuni. Akafa kwa hiyo. Tazama tofauti: maadui walimjia kwa karamu akawatambua, mwana alimjia kwa mapenzi, na mapenzi hayakuwa ya bandia yote. Kikulacho ki nguoni mwako. Ayari wa kisa chako asiwekwe ng'ambo ya ngome. Mweke katika mashuka ya kitanda.

Kanuni ya nne ni kumwendesha. Ayari haketi akingoja. Kabla ya kila Jumamosi niliandika mambo ambayo Mwinyi Radhi angeyafanya wiki ile kama hapana mtu wa kumzuia: angetuma barua gani, angemhonga nani, angemwogopa nani. Kisha nikawaacha wachezaji wayaharibu mambo hayo wapendavyo. Alipoona mmoja wao amwuliza sana, hakumtisha. Alimpa kazi ya heshima mbali na kisima. Kwa namna hiyo kisa chake kilikua chenyewe kwa hatua: kwanza akajulikana, kisha akaaminiwa, kisha akapendwa, kisha akatiliwa shaka. Ni hatua ya tatu nitakayo uiangalie, maana wengi huiruka. Wasipompenda, kufichuka kwake hakutamwumiza mtu.

Sasa nikwambie yaliyotukia, ndipo uyapime maneno yangu.

Katika wachezaji wangu yumo msichana mmoja mwenye maneno machache kuliko wote. Kila walipoingia Tamasini aliniuliza swali moja tu: "Mjomba, nikiteremka kisimani, nahesabu ngazi ngapi mpaka majini?" Wenzake walimcheka. Mimi nilimjibu, naye akaandika: kabla ya jiwe la kwanza, ngazi 41, baada yake, 34, baada ya la pili, 26. Nilikuwa nimepanga siri ifichuke katika kikao cha kumi. Katika kikao cha sita, jiwe la tatu likiwa limekwisha kukabidhiwa, aliuliza tena, nikamjibu, "Ngazi 19." Akaweka kalamu chini. Akasema polepole, "Uchawi unaotanguka hauwezi kujaza kisima wakati wa kiangazi. Maji haya yana mwenyewe. Wale watu wenye mitungi mitupu, walitoka wapi?"

Msomaji, hakuna aliyekuwa ameliona daftari langu. Ningeweza kuigeuza kweli pale pale. Ningeweza kuzua mvua iliyonyesha milimani, au mto chini ya ardhi, nikaiokoa siri yangu kwa vikao vinne vingine, na hakuna ambaye angejua kamwe. Sikufanya hivyo. Zile tarakimu zilikuwa mali yake. Alizichuma kwa subira wakati wenziwe wakicheka, na kama ningezibatilisha ili nipate sifa ya kushangaza watu baadaye, ningekuwa nimefanya jambo lile lile la Mwinyi Radhi: kukausha chemchemi ya mwingine ili kisima changu kijae. Nikamwambia, "Wametoka katika vijiji vitatu." Hakuuliza vipi. Wote walinyamaza, maana walikuwa wameyaleta mawe matatu.

Wakaenda kwa Mwinyi Radhi usiku ule ule wa kisa. Wawili walitaka kumwua. Lakini yumo kijana mwingine, fundi seremala, ambaye mtu wake wa kubuni alikuwa mpiga mbizi yatima asiyejua kusoma. Katika vikao vilivyotangulia Mwinyi Radhi alikuwa amemfundisha herufi jioni kwa jioni, kwa taa ya mafuta. Kijana huyo akawaomba wenzake wangoje, akanigeukia, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake akauliza, "Mwinyi, zile jioni ulizonifundisha kusoma, ulikuwa ukinipenda, au ukinitumia?"

Ilinipasa kujibu kwa kinywa cha ayari. Njia nyepesi zilikuwa mbili. Ya kwanza, acheke kwa dharau aseme alikuwa akimtumia tangu mwanzo. Hapo kijana angemchukia na kisa kingekwisha upesi. Ya pili, aanguke miguuni alie na kutubu. Hapo kijana angemsamehe na kisa kingekwisha vizuri. Njia zote mbili zilikuwa za uongo, maana mtu niliyemlea miezi mingi hakuwa hivyo. Nikasema, "Nilikupenda, mwanangu. Na kukupenda kwangu hakukunizuia kukutumia."

Kijana akaweka dadu chini, akainua mkono. Mchezo ukasimama. Nikamimina kahawa, hapana aliyesema neno. Baada ya muda alitueleza jambo ambalo hatukulijua. Alipokuwa darasa la saba, baba yake alitoa akiba ya miaka yote kwa mtu aliyekuwa akiuza viwanja. Mtu yule alikuwa akija kwao, akila nao, akimwita yeye "mwanangu" na kumletea vitabu. Viwanja havikuwapo. Mtu akatoweka, wala hajaonekana hadi leo. "Baba aliikasirikia ile fedha," kijana alisema. "Mimi nilikuwa na swali lile moja, na sikuwa na wa kumwuliza."

Nilimwambia kwamba twaweza kukiacha kisa hicho, tucheze kingine au tuzungumze tu. Akakataa. Alitaka kuendelea, na alitaka yeye ndiye atoe shauri juu ya Mwinyi Radhi. Wenzake wakakubali. Shauri lake lilikuwa hivi: Mwinyi Radhi asiuawe, wala asisamehewe kwa maneno. Ayachukue mawe yale matatu mgongoni mwake, ayapande nayo milimani kwa miguu, na katika kila kijiji asimame mbele ya watu aseme kwa kinywa chake alilolifanya. Wao, walioyaiba mawe kwa mikono yao, wasimame kando yake waseme sehemu yao. Ikawa hivyo. Ilituchukua Jumamosi tatu. Maji ya kisima yakarudi ngazi 41, na watu wa Tamasini, walipoijua kweli waliyofichwa, wakaanza kuchimba mabirika ya kuhifadhi maji ya mvua, kazi ambayo wangeianza miaka tisa mapema kama wangeambiwa.

Sidai kwamba mchezo ulimponya kijana yule. Fedha ya baba yake haikurudi. Yeye mwenyewe aliniambia jambo dogo tu: kwamba sasa ajua swali lake lilikuwa swali zuri, na kwamba jibu laweza kuwa mawili kwa pamoja. Miaka mingi alikuwa amelazimika kuchagua: ama yule mtu alikuwa shetani na vitabu vile vilikuwa mtego, ama yeye alikuwa mjinga. Kumbe mtu aweza kukupa kitabu kwa mapenzi na kumwibia baba yako kwa mkono ule ule. Kulijua hilo ni kuchungu, lakini kulimtoa katika aibu ambayo haikuwa yake.

Hii ndiyo sababu nasema kumlea ayari ni elimu ifaayo. Anayejifunza kumbuni mwongo wa kweli huacha kudhani kwamba waongo hutambulikana kwa macho mekundu. Hujifunza kwamba ulaghai hauanzi na maneno mabaya bali na fadhila. Kwamba mtu aliye mwema katika mambo tisini na tisa bado yafaa aulizwe juu ya la mia. Na kwamba kuuliza si kukosa adabu. Wala hajifunzi kumshuku kila mtu. Yule msichana hakumshuku Mwinyi Radhi zaidi ya wenzake. Alikuwa akihesabu ngazi, basi. Shaka bila hesabu ni ugonjwa, na imani bila hesabu ni ugonjwa mwingine.

Basi nawe, kijana, utakapoketi kuandika hadithi au kusimulia kisa kwa wenzako, na ikakupasa kumtia ndani mtu wa hila, mpe haja ambayo hata wewe ungeweza kuwa nayo. Mpe uongo mmoja na kweli nyingi. Mpe watu wanaompenda kwa haki. Weka dalili mahali pa wazi, kwa wingi, ili anayesubiri na kutazama apate malipo yake. Na mtu akiigundua siri kabla ya wakati ulioupanga, mwachie ushindi wake, hata kama ulikuwa umejiandalia mwisho wa fahari. Ayari ana ruhusa ya kuwadanganya waliomo kisani. Wewe umekabidhiwa imani ya walioketi mbele yako, na hiyo haina budi kurudishwa nzima.